YAH: MALALAMIKO KUHUSU AMPLIFAYA YA HEDIFONI MNAYOIUZA KAMA PRIAMPU

Mbezi, Dar es Salaam

Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangazo lenu linasema amplifaya hii inaendesha hedifoni na pia inafaa kuwa priampu ya nyumbani, yaani kifaa kinachotangulia amplifaya ya spika na kurekebisha sauti. Upande wa hedifoni sina neno. Tatizo ni yale matundu mawili ya RCA ya nyuma, yanayopeleka sauti kwenye amplifaya ya spika.

Nimeyapima kwa osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika. Kifaa kikiwa kimeshapata moto, kuna milivolti 4 tu za DC (umeme wa mkondo mmoja), na hilo ni la kawaida. Ukikizima, volti zinaruka hadi 3 kabla ya kushuka. Amplifaya ya spika inakuza mara 20, kwa hiyo inasukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake: koni ya wufa (spika ya besi) inachomoza mbele, inaganda kidogo, ndipo inarudi. Chanzo ni kwamba umeme chanya na umeme hasi wa ndani haushuki kwa pamoja kifaa kinapozimwa, na hakuna relei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kukata njia kabla ya hapo. Tundu la hedifoni linayo. Inasikika ikilia "tik" na sauti inakatika kwanza. Ina maana aliyekiunda alilijua tatizo, akaiacha RCA nje ya ulinzi.

Mlinijibu nizime amplifaya ya spika kwanza. Ni kweli, ndio utaratibu. Ila umeme wa Dar ukikatika hauulizi kipi kianze. Vyote vinakosa umeme sekunde ileile, na amplifaya kubwa hubaki hai kidogo kwa chaji ya kapasita zake (vihifadhi umeme vya ndani), muda unaotosha kukipokea kishindo.

Kijana wenu wa kaunta naye alishauri nichonge waya kutoka tundu la XLR la pini 4 (tundu jingine la hedifoni) kwenda RCA. Tafadhali asimwambie mteja mwingine. Pini hasi pale si graundi (waya wa sifuri volti), ina amplifaya yake. Ukiiunga na ganda la RCA umeipiga shoti.

Jingine dogo: swichi ya geini (kiwango cha kukuza) ikiwa juu, kifaa kinatoa zaidi ya volti 8, wakati amplifaya ya wati 100 kwa omu 8 inajaa kwa volti 1.4 hivi. Hivyo nalazimika kubaki mwanzoni kabisa mwa kitasa cha sauti, ambako kushoto na kulia havilingani. Kuiweka swichi hiyo chini kunasaidia, lakini kijitabu hakisemi.

Naomba ndani ya siku 14 mfunge relei kwenye RCA, ichelewe sekunde 5 wakati wa kuwasha na ikate mara umeme unapopotea, au mnirudishie fedha. Msiniletee kapasita ya mfululizo: inazuia DC ya kudumu, kishindo kinapita. Tangazo nalo lirekebishwe. Msipojibu, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Mteja wenu

Viambatisho: nakala ya risiti, picha 3 za osiloskopu