Shukrani kwa msanifu aliyepitia jarida langu

Napenda kumshukuru hadharani msanifu wa kurasa ambaye, bila kutaka jina lake litajwe, alikubali kupitia rasimu ya jarida la muziki ninaloliandaa kama mradi wa masomo ya habari. Ni yeye aliyenionyesha kwamba picha ya mwanamuziki anayemtazama msomaji moja kwa moja huhitaji nafasi tupu ya kutosha kuizunguka, ili jina la jarida na vichwa vya makala visifunike uso wake. Kisha akanishauri nitumie aina mbili tu za herufi, moja ya vichwa na nyingine ya matini. Kuhusu uchapaji alikuwa mkali, na ukali huo ndio ninaoushukuru zaidi: picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, ziada ya milimita 3 iachwe kila ukingo kwa ajili ya kukatwa, na idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi inayokunjwa katikati hutoa kurasa nne. Rangi ya jalada hatukukubaliana, naye, kwa uungwana wake, hakunilazimisha. Ahsante sana, mwalimu wangu.