Mjomba bado anavuta

Somo yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Natumai u mzima, wewe na wanao. Nisamehe nikienda haraka, kuna jambo linaninyima usingizi.

Mjomba bado anavuta. Yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, zile za kufubaza virusi anameza miaka yote hii bila kukosa, na shati lake linanuka sigara. Shangazi alipogundua alimpigia kelele mbele ya watoto. Sasa Mjomba anajifungia, na juzi kasema kliniki hataki tena kwenda, eti na huko watamsema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Haya imfanye akatize dozi? TB ikikatizwa dawa inaweza kurudi ikiwa sugu! Nimemwomba Shangazi anyamaze kwanza. Unamjua, amenyamaza kwa mdomo tu.

Lakini pia sikubaliani na wanaosema amalize TB kwanza, sigara baadaye. Anayevuta hupata TB kwa urahisi kuliko asiyevuta, na hata akipona, hatari ya kuugua tena ni kubwa zaidi. Halafu kuna utafiti wa Denmark uliochapishwa 2013, nimeusoma nikabaki nimeushika tu. Kwa watu wenye VVU waliokuwa kwenye matibabu mazuri, sigara ilipunguza umri kuliko VVU vyenyewe: kwa mtu wa miaka 35, zaidi ya miaka 12 kwa sigara, kama 5 kwa virusi. Mjomba amepambana mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, halafu amalizwe na fegi? Inaniuma, somo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kliniki anakwenda kila mara. Mvutaji gani mwingine anaonana na mhudumu mara nyingi hivyo? Wa TB, wa VVU, wa homa ya ini, wote wanarudi kuchukua dawa au kupimwa. Dakika tatu zingetosha kumwuliza kama bado anavuta, alipojaribu kuacha alikwama wapi, na yuko tayari kuchagua siku. Yeye anasema hajaulizwa hata mara moja. Wanapima uzito, wanaangalia makohozi, basi.

Kuacha kwa kujikaza peke yake alishajaribu, arosto ikamshinda: hasira, usingizi hakuna, mikono haitulii. Siku za kwanza ndizo kali, kisha hupungua kwa wiki kadhaa, lakini nani alimwambia? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataka ushauri na dawa viende pamoja. Kuna plasta na chingamu za nikotini, kuna vidonge vya vareniklini. Ile bupropioni, kidonge kingine cha kuachia sigara, ndiyo inanitia wasiwasi, maana nimesoma kwamba rifampisini ya TB huipunguza sana mwilini, na baadhi ya dawa za virusi nazo hivyo hivyo. Asije akanunua mwenyewe akadhani ameshindwa tena, kumbe dawa haikufika kiwango.

Sasa ombi langu. Zungumza naye wewe. Tangu ule msiba hakuna anayemsikiliza kama wewe, na kazi yenyewe ndiyo yako. Usianze na sigara, anza na dozi, mpongeze kwa miezi hii miwili, anastahili. Sigara itakuja yenyewe, atakuwa ameitaja kabla yako.

Utaweza kumpigia wiki hii, kabla ya siku yake ya kliniki? Au nimlete kwako? Hapo kwenu plasta za nikotini zinapatikana, au mnatoa ushauri peke yake? Na Shangazi tumweleze nini, maana yeye ndiye analala naye chumba kimoja na moshi ule? Binamu naye anavutia pale pale barazani, tumshike vipi? Nijibu hata kwa mistari miwili.

Wako,
Somo