Aliyeokolewa kwa neema asikatae kuonywa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyoonyana makanisani. Muumini akimwuliza mchungaji wake juu ya matumizi ya sadaka, huambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana; naye muumini akiulizwa kuhusu mwenendo wake, hujibu kwamba ameokolewa kwa neema wala si kwa matendo, basi aachwe na Mungu wake.

Maneno hayo, ya Waefeso 2:8-9, ni kweli, nami nayashikilia kwa moyo wote. Lakini Waraka kwa Wagalatia, ambamo Paulo anaitetea neema kwa ukali mkubwa, ndimo pia anamosimulia jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, kwa kuwa Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kisha walipofika watu waliotoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Utume wa Petro haukumkinga. Kosa lilifanyika mbele ya watu, likaonywa mbele ya watu, kwa sababu lililoguswa ni neema yenyewe: kujitenga kule kulikuwa kama kusema kwamba watu wa Mataifa hawakubaliki bila kushika desturi za Kiyahudi.

Anayetegemea matendo yake ili akubalike kwa Mungu, akiambiwa amekosa huona amepoteza kila kitu. Aliyepokewa bure anaweza kulikiri kosa lake, maana hakupokewa kwa sababu ya usafi wake. Ndugu wa Uamsho, yaani wafuasi wa vuguvugu la uamsho wa Kikristo la Afrika Mashariki, walilijua hilo. Tangu miaka ya 1930, kutoka Gahini nchini Rwanda hadi Uganda, Kenya na huku kwetu, walikutana wakaambiana ukweli, na wako wamisionari wa Kizungu waliotubu kiburi chao mbele ya Waafrika waliofanya kazi chini yao.

Anayeonya naye ana sheria yake. Mathayo 18:15 inaanza na watu wawili, peke yao. Sisi mara nyingi tunaanzia madhabahuni. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa hutengwa, na jina lake husomwa mbele ya watu wote, ilhali mwanamume aliyempa mimba, ambaye pengine yumo kwayani siku hiyo hiyo, hatajwi kabisa. Huku ni kudhalilisha, wala si kuonya. Wagalatia 6:1 inataka aliyeghafilika arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie mwenyewe. Na katika 2 Wakorintho 2 Paulo anaagiza mtu aliyekwisha kuadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Wangapi tuliowatenga tuliwafuata nyumbani kuwafariji?

Nawaomba maaskofu na halmashauri za makanisa wazipitie upya taratibu za nidhamu: jambo la siri lishughulikiwe kwanza faraghani, mwanamume aulizwe sawasawa na mwanamke, aliyetengwa aelezwe tangu mwanzo lini na vipi atarudi kwenye Meza ya Bwana, na kila mchungaji awe na watu wenye idhini ya kumwonya bila kuogopa.

Mzee wa kanisa,
Dodoma