Msiishie mstari wa 24: barua kwa akina baba vijana wa jumuiya yetu

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi akina baba vijana wa jumuiya yetu, mlioko hapa kijijini na mlioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, mtakaopanda mlimani Desemba kuja kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa Krismasi. Barua hii ni ya wazi. Wake zenu wakiisoma sitakasirika, nitafurahi.

Wiki mbili zilizopita kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, zamu ya neno ilikuwa ya kijana wetu mmoja. Alifungua Waefeso 5, akaanza mstari wa 22: “Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu.” Akasoma wa 23, akasoma wa 24, kwa sauti nzuri ya kanisani. Kisha akaifunga Biblia na kusema tuombe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Niliwaona akina mama waliokaa mkekani wakiinamisha nyuso. Mkewe alikuwa anamfunga mtoto kofia. Alifunga kamba, akafungua, akafunga tena, na kofia haikuwa na shida yoyote.

Jioni ile nilinyamaza, maana kumsahihisha mtu mbele ya mkewe na wakwe zake si kumjenga. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake, tukakaa chini ya migomba tukaongea mpaka jua likapanda. Ndiye aliyeniambia: “Babu, haya uliyoniambia mimi waambie na wenzangu, maana wote tunasoma hivyo hivyo.” Basi nawaambia.

Chukueni Biblia zenu mhesabu. Wake wameambiwa kwa mistari mitatu. Kuanzia wa 25 Paulo anawageukia waume, na hawaachi mpaka sura inakwisha mstari wa 33. Mistari tisa! Na wa 25 unasema hivi: “Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake.” Tena kabla ya yote hayo upo mstari wa 21, unaotuambia sote tukae “hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo.” Wataalamu wa Maandiko wanaeleza kwamba katika nakala za kale kabisa za Kigiriki, mstari wa 22 hauna hata neno lake la kutii, unaliazima kutoka wa 21. Maana yake ni kwamba utii wa mke umetoka ndani ya unyenyekevu wa watu wote wawili. Ukiukata ukausimamisha peke yake, umekata mgomba na kuuchomeka juu ya mwamba.

Na Efeso ulikuwa mji wa namna gani? Ulikuwa chini ya Warumi, na sheria ya Kirumi ilimpa baba mwenye nyumba mamlaka makubwa mno, hata ya uhai wa watoto wake. Mwanamume wa mji ule hakuhitaji barua ya kumwambia kwamba yeye ni mkubwa nyumbani, kila kitu mtaani kilikuwa kinamwambia. Kilichokuwa kigeni masikioni mwake ni kuambiwa ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, aulishe na kuutunza. Na kuambiwa kwamba kichwa anachopaswa kukifuata kilivikwa taji la miiba. Kwa hiyo mtu akisimama leo na kusema “mimi ni kichwa cha nyumba hii,” mimi humwuliza: umejitoa nini? Umelala njaa lini ili mkeo ale? Umeacha nini ulichokipenda kwa ajili yake?

Nitasema na hili kwa sababu tunalijua sote. Mwanamume anayekariri mstari wa 22 hurukaje wa 18, ulio juu yake kidogo tu? “Tena msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi; bali mjazwe Roho.” Mbege, pombe yetu ya ndizi, na bia havijatajwa kwa jina, lakini kila mtu anaelewa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika miaka yangu ya uzee wa kanisa nimeketi mara nyingi kusuluhisha ndoa. Mama anakuja na kitenge kimefunika upande mmoja wa uso. Anaeleza kwa sauti ya chini. Na sisi wazee, tukiwa tumevaa makoti yetu, tulimwambia nini? Tulimwambia: mama, vumilia, omba, rudi nyumbani, mtii mumeo. Tukafunga kikao kwa sala. Mumewe tukamkemea kidogo pembeni tukiogopa kumwaibisha. Wanangu, hiyo ilikuwa dhambi yetu, wala siifuniki kwa kusema ndivyo zama zilivyokuwa. Wakolosai 3:19 ilikuwemo katika Biblia zile zile tulizoshika mikononi: “Ninyi waume, wapendeni wake zenu msiwe na uchungu nao.” Na sheria ya nchi pia ilikuwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu, hata mila ikiruhusu. Bunge lilikuwa limeliona jambo ambalo sisi wenye Biblia tulikuwa tunalizunguka.

Basi sikieni neno langu. Mkono wako ukimwangukia mkeo, usije kwangu na Waefeso 5. Mke wako akikimbilia kwetu usiku, mlango utafunguliwa, na asubuhi hatutamrudisha kwa sala tu. Petro anawaambia waume wakae na wake zao “kwa akili,” wawape heshima “kama warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe.” Yule anayelia kwamba amefunga siku arobaini na mbingu ni kimya, aanze kuangalia chumbani kwake. Na hilo la mke kuitwa “chombo kisicho na nguvu” lililomo katika mstari huo huo, msiligeuze kuwa dharau. Kikombe cha udongo unakishika kwa mikono miwili.

Niwaeleze na la nyumbani kwangu, ili msidhani nahubiri nikiwa juu ya mlima. Binti yetu mkubwa alipokuwa kwenye mafundisho ya kipaimara, mimi nilikuwa mtu wa vikao. Kikao cha ujenzi, kikao cha mavuno, usuluhishi wa ndoa za watu. Jioni moja nilirudi saa tatu usiku, tena nikiwa na furaha, kwa sababu tulikuwa tumepatanisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Nikakuta taa ya chemli imeshushwa. Binti amelala kichwa mezani, kidole bado kimo ndani ya Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha Martin Luther cha mafundisho ya imani, kwenye Kanuni ya Imani. Alikuwa ananisubiri nimsikilize akikariri, maana kesho yake alikuwa anaulizwa na mwinjilisti. Mama yake alikuwa anachambua maharage ya kesho. Hakugomba. Alisema tu, “Tulikusubiri,” akaendelea kuchambua.

Nikakitoa kile kitabu taratibu chini ya mkono wa mtoto, nikasoma maneno ya juu ya sehemu ile. Mnayajua, kila Mlutheri amepita hapo. Luther alikiandika mwaka 1529, baada ya kuzunguka sharika za Saxony, huko Ujerumani, na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine ni vivyo hivyo. Akaandika juu ya sehemu zake kuu kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Hakusema mwinjilisti, wala mwalimu wa Shule ya Jumapili. Mimi nilikuwa nimewapatanisha watu wa kihamba cha mbali, na mtoto wangu amelala njaa ya neno mezani pangu. Paulo anamwandikia Timotheo, aliyekuwa huko huko Efeso, kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, “atalitunzaje Kanisa la Mungu?” Usiku ule mstari huo ulikuwa na jina langu.

Niliacha vikao viwili wiki iliyofuata. Kanisa halikuanguka.

Kwa hiyo wale mnaoniambia kwamba mna huduma nyingi, kwaya Jumanne, maombi Alhamisi, mkesha Ijumaa, kamati Jumamosi, nawapenda kwa bidii yenu. Lakini mtoto akikusikia ukiomba kwa kunena maneno mazuri madhabahuni, na nyumbani hajawahi kusikia ukiomba hata kwa chakula, amejifunza nini juu ya Mungu? Kumbukumbu la Torati 6 linasema neno lifundishwe uketipo nyumbani na utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Hakuna kipaza sauti hapo. Mlioko mjini mnaotoka saa kumi na moja alfajiri kukimbizana na magari na kurudi usiku, najua mnachoka. Dakika kumi zinatosha. Zaburi moja, sala moja, na umwulize mtoto siku yake ilikwendaje, umsikilize mpaka amalize.

Na akina baba “msiwachokoze watoto wenu,” Waefeso 6:4. Zipo nyumba ambazo lango likilia tu, watoto wanatawanyika, wengine chumba cha nyuma, wengine jikoni kwa mama, na televisheni inazimwa. Baba anaingia anakuta sebule tupu, anadhani hiyo ndiyo heshima. Hiyo ni hofu, na hofu huondoka siku mtoto anapopata nauli yake mwenyewe.

Juu ya akina mama sitasema mengi, kwa sababu wao wamehubiriwa vya kutosha na Jumapili ya Umoja wa Wanawake haikosi mtu wa kuwakumbusha wajibu. Ila ninyi mkumbuke kwamba waliopokea barua ile ya Efeso walimfahamu Prisila. Yeye na mumewe Akila walikuwa washona mahema, kazi moja, mikono minne. Apolo alipofika Efeso, msemaji hodari lakini mwenye kujua ubatizo wa Yohana tu, Matendo 18:26 inasema Prisila na Akila walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Jina la mke limetangulia. Timotheo naye imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Na yule mwanamke wa Mithali 31 mnayemsifu kwenye harusi “huangalia shamba, akalinunua.” Analiangalia mwenyewe, analinunua mwenyewe, na moyo wa mumewe unamwamini. Mkeo akikuambia shamba lile lina mgogoro tusilinunue, msikilize. Kukaa kwa akili ni pamoja na kujua kwamba akili nyingine iko upande wa pili wa kitanda.

Limebaki la Desemba, na hili ni lenu hasa mlioko mbali. Kila mwaka mnapokuja tunafanya harambee ya ujenzi. Mnasimama na wake zenu mmependeza, mnatangaza ahadi, usharika unashangilia, nami napiga makofi pamoja nao kwa sababu paa lile tunalihitaji kweli. Lakini nawajua mama zenu. Ninajua yupi anayekunywa nusu ya kidonge cha presha ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Ninajua yupi anayechota maji mwenyewe akiwa na magoti yaliyovimba. Yesu katika Marko 7 aliwakemea watu waliomwambia baba au mama kwamba kile ambacho kingekusaidia kimekuwa Korbani, kimetolewa wakfu kwa Mungu. Sadaka ya namna hiyo aliiita kulitangua neno la Mungu. Na Timotheo aliandikiwa kwamba asiyewatunza walio wake “ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini.” Sijui neno kali kuliko hilo kwa mtu anayejiita ameokoka. Mwaka huu, kabla ya kuandika bahasha, ingia jikoni kwa mama yako, fungua kopo la unga uone umebaki kiasi gani, omba akuonyeshe kadi yake ya zahanati. Kisha njoo kanisani utoe kilichobaki kwa furaha. Kikiwa ni kidogo, hakuna atakayekuhukumu mbele yangu.

Jumuiya ya Jumatano ijayo itakuwa kwangu, saa kumi na moja jioni. Yule kijana wetu ameomba arudie zamu yake, nami nimemkubalia. Ataanza mstari wa 21 na kusoma mpaka sura iishe. Njooni na wake zenu na watoto, mlioko mbali someni huko huko mliko pamoja na wenu. Bibi yenu magoti yanamsumbua, hivyo chai nitaandaa mimi. Mwenye maziwa aje nayo.

Ni mimi babu yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa mstaafu