Dawa ya mifupa na mitishamba: kwanza tuambie unakunywa saa ngapi

Kama unatumia alendroneti, kile kidonge cha kuimarisha mifupa cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa wiki, jambo la kwanza tunalokuuliza ukifika kaunta yetu ya dawa ni saa unayokunywa mitishamba yako. Hata ukimeza kidonge hicho ipasavyo, mwili hufyonza chini ya asilimia 1 ya dawa. Kalsiamu, magnesiamu na madini ya chuma huinasa tumboni, ikatoka bila kufika kwenye mfupa. Unga wa mlonge una kalsiamu nyingi, na unga wa magamba ya chaza karibu wote ni kalsiamu kaboneti. Anayekoroga kijiko cha unga huo kwenye glasi ya kumezea kidonge anaweza kumaliza mwaka kwenye matibabu na mifupa ikabaki vilevile.

Siku ya kidonge, amka, usile wala kunywa chochote. Meza kidonge kizima kwa glasi iliyojaa maji ya kawaida, kama mililita 200. Chai, maziwa, maji yenye madini na mchemsho wa mizizi visubiri. Kaa wima au tembeatembea kwa dakika 30 kabla ya kula, wala usijilaze, kwa sababu kidonge kikirudi au kukwama kwenye umio huuchoma. Anayetumia vidonge vya ibandroneti, dawa nyingine ya mifupa, asubiri dakika 60.

Mitishamba yenye madini sisi huipangia mchana au jioni. Kalsiamu kaboneti imezwe pamoja na chakula, isizidi miligramu 500 za kalsiamu yenyewe kwa mara moja, maana ukizidisha sana mwili hauifyonzi vizuri. Hesabu na ile iliyomo kwenye unga. Aliyewahi kuugua mawe ya figo asiongeze kalsiamu kabla ya kumwona daktari.

Denosumabu, dawa ya mifupa ya sindano, haipitii tumboni, kwa hiyo madini hayainasi. Hatari yake ni kuiruka. Hudungwa kila baada ya miezi 6, na ikicheleweshwa mfupa hulika kwa kasi, hata pingili kadhaa za uti wa mgongo zikaweza kuvunjika. Hatujui mti wowote uliothibitika kushika nafasi yake, na tunawasihi wateja wetu wasijaribu. Ukitaka kuiacha, daktari hukuhamishia kwanza dawa nyingine.

Ukija kupangiwa ratiba, leta kila kitu: vidonge, unga, chupa za mchemsho, hata pakiti isiyo na jina. Tuambie pia kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa tangawizi, kitunguu saumu au manjano kwa wingi vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Pakiti isiyo na jina ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote. Dawa ya asili inayokata maumivu ya mgongo na viungo ndani ya siku chache, hamu ya kula ikapanda, uso ukajaa, huenda imechanganywa kwa siri na deksamethasoni au predinisoloni. Hizo ni steroidi, na zikitumika kwa muda mrefu humomonyoa mifupa ileile unayoitibu. Ukiwa umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikatize ghafla: tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe, zinakuwa zimelala, na shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya. Nenda nayo hospitali siku hiyohiyo, ili daktari aipunguze hatua kwa hatua.