Pembetatu tumboni si lazima awe dume

Mhariri,

Ukurasa wenu wa uvuvi umerudia kanuni inayosikika katika masoko mengi ya pwani: kaa koko mwenye pembetatu tumboni ni dume, mwenye duara ni jike. Nusu yake ni kweli. Jike asiyepevuka naye ana pembetatu, na kwa kanuni hiyo huingizwa kwenye tenga la madume kabla hajataga hata mara moja.

Kile kifuniko cha tumboni ndicho mkia wa kaa, umekunjwa chini ya kifua. Wa dume ni mwembamba, na pingili zake za 3 hadi 5 zimeungana kuwa kipande kimoja. Wa jike mchanga ni pembetatu pia, ila pana zaidi. Wa jike aliyepevuka ni kuba, umekolea rangi, una manyoya pembezoni na unakaribia kufunika kifua chote. Mabadiliko hayo hayaji kidogo kidogo. Huja kwa mpigo mmoja anapojivua gamba la kupevuka, na dume humpanda akiwa bado laini. Ukibaki na shaka, inua kifuniko taratibu kwa kijiti: dume ana jozi 2 za vijiti vigumu, jike ana jozi 4 za viungo vidogo ambavyo baadaye hushikilia mayai.

Mayai yenyewe huonekana kwa nadra mikokoni, ndiyo maana wengine hudai kaa koko hatagi. Hutaga, mamilioni kwa mara moja, ila jike huondoka kwenda bahari wazi kuyaangulia. Yanaanza na rangi ya chungwa, yanaishia karibu nyeusi.

Tena, wale kaa wadogo wanaokimbia juu ya matope na kupanda mashina ya mikoko si watoto wa kaa koko. Tazama miguu ya mwisho. Kaa koko ni wa familia ya Portunidae, kaa waogeleaji, na jozi yake ya mwisho imebapa kama makasia. Wale wadogo wana ncha kali miguu yote. Makasia anayo pia yule kaa wa buluu wa baharini, lakini ubavuni mwa gamba lake jino la mwisho ni mwiba mrefu uliotokeza. Kaa koko ana meno 9 kila upande, yanayokaribiana ukubwa.

Sasa jina, maana hapa wafugaji huumia. Kaa koko wetu ni Scylla serrata, jina lililotolewa na Forskål, mtaalamu wa viumbe, katika kitabu kilichochapishwa 1775, yeye mwenyewe akiwa ameshafia Yemen. Kwa miaka mingi karibu kila kaa wa jinsi hii kutoka Afrika hadi Pasifiki aliitwa hivyo. Mwaka 1998 watafiti Keenan, Davie na Mann waliwatenga kuwa spishi 4: serrata, tranquebarica, olivacea na paramamosain. Kwa hiyo mwongozo wa ufugaji wa zamani kutoka Asia ya Kusini-Mashariki unaweza kuandika "serrata" jaladani huku ndani ukimzungumzia olivacea, kaa mdogo zaidi anayevumilia maji yaliyopungua chumvi. Wa kwetu hupenda mikoko inayofikiwa na maji ya bahari karibu mwaka mzima. Anayechimba bwawa mtoni kwa kufuata kurasa hizo asishangae kaa wakidumaa au wakifa masika.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Shika gando, tazama kiungo kilicho nyuma tu ya kiganja cha koleo: upande wa nje serrata ana miiba 2 iliyo wazi, olivacea ana mmoja mdogo au hana kabisa. Kati ya macho, meno ya serrata ni marefu, ya olivacea ni mafupi ya mviringo. Serrata ana pia michoro kama wavu kwenye magando na miguu yote.

Na unapomshika usimvute kwa gando. Ana kiungo maalumu karibu na mwili ambapo hulikata mwenyewe, na kidonda hujifunga papo hapo. Gando litarudi, lakini kwa kujivua gamba, na mara ya kwanza huwa dogo. Chakula unachomlisha ili anenepe kitaishia huko.

Tunaomba mchapishe picha za vifuniko vyote 3 bega kwa bega: dume, jike mchanga, jike mpevu.

Wasomaji wenu,
Tanga