Usiifute kompyuta, badilisha eneokazi

Mwanza, Jumapili

Rafiki yangu mpenzi,

Pole sana kwa kumuuguza mama. Nimefurahi kusikia kwamba sasa anakula na anatoka nje kuota jua. Kaa naye hukohuko Lushoto mpaka apone kabisa. Hii habari ya kompyuta ya ofisini haistahili kukurudisha Morogoro.

Kwanza kabisa, mwambie huyo fundi asiifute. Ramani zako zote zimo humo, na Ubuntu yenyewe, mfumo endeshi wa hiyo mashine, ni nzima. Umeniandikia kwamba kwa ssh, ile njia ya kuiandikia mashine amri ukiwa mbali, unaingia bila shida na mafaili unayaona, ila ukijaribu kuingia kwa kioo kizima unaweka nenosiri, kioo kinakuwa cheusi, kisha unatupwa nje. Basi mtandao hauna tatizo, wala nenosiri. Kinachogoma ni eneokazi, yaani menyu na madirisha unayoyaona kwenye kioo; kwenye Ubuntu linaitwa GNOME.

GNOME ya siku hizi imejengwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya mashine. Vivuli, madirisha yanayoteleza, vyote vinategemea kadi ya michoro. Ukipitia xrdp, programu inayokuletea kioo cha mashine ukiwa mbali, kwa kawaida kadi hiyo haitumiki, kwa hiyo mzigo wote unaiangukia prosesa, na kila kinachotikisika kwenye kioo lazima kisafiri hadi kwako kwa bando la simu. Halafu tangu 2021 Ubuntu imeegemea Wayland, mfumo mpya wa kuchora kioo, wakati xrdp inafungua kikao cha X11, mfumo wa zamani. Na kubwa kuliko yote, GNOME haitaki mtumiaji mmoja awe na vikao viwili kwa wakati mmoja. Kama uliondoka ofisini bila kutoka kwenye akaunti yako, kikao cha pili kinakufa kabla hujaona kitu. Ningeanza kushuku hapo.

Dawa yake ni Xfce, eneokazi jingine. Olivier Fourdan aliianzisha mwaka 1996, na mpaka leo imebaki nyepesi: paneli, menyu, madirisha, basi. Mimi naipenda kwa dhati, maana inamheshimu mtu mwenye mashine ya kawaida na mtandao wa kusuasua. Huhitaji kuiondoa GNOME. Wenzako wanaokaa mbele ya mashine hiyo wataendelea nayo kama kawaida, wewe wa mbali utapata Xfce. Ingia kwa ssh uandike:

sudo apt install xfce4 xrdp
echo startxfce4 > ~/.xsession
sudo systemctl restart xrdp

Wakati wa kusakinisha, ukiulizwa uchague kati ya gdm3 na lightdm, programu za kioo cha kuingilia, baki na gdm3, ili wenzako wasikute mlango mgeni asubuhi. Hilo faili la .xsession lenye mstari mmoja ndilo linaloiambia xrdp ifungue nini. Kabla ya kujaribu, mwombe mtu wa ofisini atoke kwenye akaunti yako pale kwenye mashine, au aiwashe upya.

Ukishaingia, huenda kikatokea kidirisha kinachodai nenosiri kwa ajili ya kifaa cha rangi. Usishtuke, kifunge tu uendelee. Kisha fungua mipangilio ya ziada ya madirisha ya Xfce uzime kompozita, ile inayoleta vivuli. Kwa mtandao wa milimani utaona tofauti papo hapo, hasa unapoisogeza ramani ndani ya QGIS, programu yako ya ramani.

Kuna anayeweza kukuambia kwamba Ubuntu yako ya 22.04 ina njia yake ya kushiriki kioo. Ni kweli, lakini inahitaji kikao kiwe kimeshafunguliwa pale ofisini, tena inautaka mlango uleule wa mtandao, namba 3389, ambao xrdp inautumia. Kama uliwahi kuiwasha, izime, la sivyo zitagombana.

Nakusihi pia usikubali mlango huo wa 3389 ufunguliwe wazi kwenye intaneti. Kuna watu wanaupekua mchana na usiku wakitafuta manenosiri dhaifu. Wewe tayari una ssh, basi kipitishe kioo humohumo, ukiweka jina lako na anwani ya mashine:

ssh -L 3390:localhost:3389 jina@anwani

Iache hiyo ikiwa wazi, kisha kwenye kompyuta mpakato yako uunganishe kwa localhost:3390 (localhost ni kompyuta yenyewe). Nimeweka 3390 kwa sababu Windows huwa inajiwekea 3389.

Mashine ikilala usingizi baada ya muda, hutaifikia tena hata kwa ssh, kwa hiyo zima usingizi wake mapema:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target

Kama kioo bado ni cheusi baada ya haya yote, nitumie mistari ya mwisho ya faili za kumbukumbu za makosa, .xsession-errors na ya /var/log/xrdp-sesman.log, tutaisoma pamoja kwa simu. Jioni nipo, piga tu.

Mpe mama shikamoo yangu, na wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.